Ng'ombe Asiyechunwa

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Sitali alikamua ng'ombe. Mke wake, Nasilele, alishika kibuyu. Ndama alifungwa pembeni. Alilia, akachoka, akanyamaza. Maziwa mengine watoto waliyanywa yangali na joto. Mengine yalimwagwa kwenye kibuyu kikubwa yagande. Mchana watoto walikula ugali kwa maziwa hayo ya mgando. Samaki wakikosekana mtoni, maziwa ndiyo yalikuwa kila kitu.

Mimi ni jirani yao. Jina langu Mundia. Kati ya nyumba yangu na yao pana ua wa matete tu, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona na kuyasikia.

Ng'ombe wale hawakuwa wa Sitali. Walikuwa wa mjomba wake, Bo Liswaniso. Kwetu mtu mzima wa heshima huitwa Bo. Mzee huyu alikaa Mongu mjini na alikuwa na duka la mabati. Hapa kwetu Bulozi, mwenye ng'ombe wengi humpa ndugu au jirani awatunze. Tunaita mafisa. Mtunzaji hunywa maziwa na hulimia madume. Akitunza vizuri, hupewa ndama awe wake. Akitunza vibaya, ng'ombe huswagwa asubuhi moja wakaenda kwa mwingine, na watoto wake hubaki wakiramba kibuyu kikavu.

Sharti kubwa la mafisa ni hili. Ng'ombe akifa, mtunzaji amchune, apeleke ngozi kwa mwenye ng'ombe. Mwenyewe aione alama yake iliyochomwa kwa chuma. Bila ngozi, mtunzaji ni mwizi. Ameuza. Hata ukiapa kwa kaburi la mama yako, umeuza.

Mwaka uliotangulia, mtamba mmoja alichukuliwa na mafuriko. Ngozi haikupatikana. Bo Liswaniso alikuja, akakaa kwenye kiti, akakataa maziwa aliyopewa.

"Mpwa wangu," alisema, "safari hii nimekubali kwamba ni maji. Lakini mwingine akifa nisione ngozi, nitakuja na watu wa kuswaga ng'ombe. Tusije tukalaumiana."

"Nimesikia, mjomba," Sitali akajibu.

Tangu siku ile Sitali hakulala vizuri. Ng'ombe akikohoa, yeye aliamka.

*

Ulikuwa wakati wa joto kali, mvua bado. Nyasi za uwandani zilikuwa fupi kama nywele za mtu aliyenyolewa juzi. Ng'ombe walikula mpaka mchanga.

Palikuwa na dume moja kubwa. Nasilele alimwita Waziri kwa sababu ya shingo yake nene. Lakini huyu Waziri alifanya kazi. Alivuta jembe siku nzima bila kuchapwa.

Asubuhi moja nikasikia Nasilele anapiga kelele. Nikapita penye tundu la ua. Waziri alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, tumbo limevimba kama ngoma. Jana yake jioni alikuwa mzima anakula. Damu nyeusi ilikuwa inamtoka puani.

Watu walikwisha kufika. Wanawake walikuja na mabeseni. Wamunyima, jirani wa upande wa pili, alikuja na shoka na kicheko chake. Sitali alikuwa ananoa kisu.

"Amekufaje?" nikauliza.

"Amekufa kama wanavyokufa ng'ombe," Wamunyima akasema. "Ulitaka aache wosia?"

"Jana hakuumwa."

"Ndiyo vizuri. Nyama haijakonda. Sogea, Bo Mundia, unatuzibia kivuli."

"Tazameni hiyo damu," nikasema. "Haigandi."

"Huyu tangu afiwe anaogopa hata kuku," Wamunyima akawaambia wenzake. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mke wangu aliitwa Inonge. Ng'ombe wa shemeji yake alikufa hivyo hivyo, ghafla, na damu puani. Tuliletewa utumbo. Inonge aliuosha, akaupika vizuri, akala. Mimi nilikuwa mtoni. Niliporudi alikuwa ameshika tumbo. Alitapika damu. Jua halikuchwa mara mbili, Inonge hayupo. Baada ya matanga wakaja wakubwa na gari jeupe. Wakabandika bango kwenye mti wa shule. Bango lilisema kuna ugonjwa wa kimeta, usile mzoga. Walijua tangu mwezi uliotangulia, maana ng'ombe walikuwa wamekufa kwa wenzetu ng'ambo. Walikuwa wanangoja mafuta ya gari. Mimi nimebaki na masufuria ya Inonge na bango lao.

Kwa hiyo nikamwendea Sitali.

"Weka kisu chini, mwanangu."

"Bo Mundia, mimi nyama siitaki," akasema kwa sauti ndogo. "Wachukue wote. Mimi nataka ngozi. Unajua mjomba alivyosema."

"Najua. Lakini ukimfungua huyo, utazika mtu."

"Na nisipomfungua, watoto wangu watakula nini?"

Akainama, akachoma kisu kwenye ngozi ya mguu wa nyuma.  Kisu kikateleza kikamkwaruza yeye mwenyewe karibu na kiganja. Pale alipomchana ng'ombe pakatoka damu nyeusi, nyepesi kama maji ya chai. Ilitiririka tu. Haikuganda.

Nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote.

"Nasilele!" nikaita. "Mpigie simu yule daktari wa ng'ombe. Yule Mtonga."

Nasilele akanitazama kwa mshangao. Alijua kwamba yule daktari nilimfukuza kwangu wiki iliyotangulia. Alikuja na maswali yake ya utafiti: ng'ombe akifa mnafanya nini, nyama mnapeleka wapi, nani anachuna. Nilimwambia, "Mke wangu amekufa, ndiyo unakuja kuuliza? Toka." Alitoka bila kunijibu vibaya. Namba yake alimwachia Nasilele.

"Piga," nikasema tena. "Hasira zangu hazimponyi mtu."

*

Daktari Mutinta alifika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakusalimia mtu. Alisimama mbali kidogo na mzoga, akautazama, kisha akapaza sauti.

"Nani amegusa?"

Wamunyima akaficha shoka nyuma yake.

"Jamani, mimi si polisi. Nani amegusa?"

"Mimi," Sitali akasema.

"Na huyo kidogo," Wamunyima akasema, akininyoshea kidole.

"Mimi nimemgusa Sitali, sikugusa ng'ombe," nikasema.

Mutinta akavaa glavu na viatu vya mpira. Akamwosha Sitali mikono kwa maji mengi na sabuni, mara nyingi, na pale alipokwaruzika akapaosha tena. Akamwambia avue shati lenye damu aliweke kando pamoja na kisu. Kwa sindano nyembamba akachukua damu kidogo kwenye sikio la Waziri, akaitia ndani ya kichupa, kichupa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku.

"Hii inakwenda maabara," akasema. "Lakini sitangoja maabara iniambie ninachokiona. Amekufa ghafla. Amevimba. Damu inatoka na haigandi. Mwili haujakakamaa. Hiki ni kimeta mpaka nithibitishiwe kwamba sicho."

"Tukichemsha sana je?" mwanamke mmoja akauliza. Beseni lilikuwa bado kichwani.

"Hata ukichemsha, mama. Kimeta kina mbegu, ndogo hata jicho haliioni. Ng'ombe akiwa hajafunguliwa, vijidudu vingi hufia humo humo anapooza. Ukimchuna, vinapata hewa, vinageuka mbegu ngumu. Mbegu hizo zinakaa udongoni miaka na miaka. Maji ya mafuriko yanazisambaza. Nyasi zikiwa fupi kama sasa, ng'ombe anakula mpaka udongo, anazimeza. Na wewe unayekata nyama, zinaingia kwenye jeraha. Ukila, zinaingia tumboni."

"Kwa hiyo nyama yote hii inaoza?" Wamunyima akasema. "Watonga nyie mmekuja kutuhini. Mnajua sisi tuna ng'ombe wazuri, roho inawauma."

Watonga ni watani wetu tangu mababu. Mutinta akamgeukia.

"Kula, mtani. Kula na ulimi. Ukifa mimi ndiye nitakayekalia kiti chako na kunywa pombe yako. Sitatoa hata chozi."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Yule mama akateremsha beseni kichwani. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka.

Sitali hakuondoka. Alikaa chini kwenye mchanga.

"Daktari," akasema, "umeniokoa na ng'ombe. Nani ataniokoa na mjomba?"

"Mjomba amefanya nini?"

Nasilele ndiye aliyeeleza. Alieleza sharti la ngozi, na mtamba aliyechukuliwa na maji, na maneno ya mjomba. Mutinta alisikiliza, akavua glavu taratibu, akakaa juu ya gogo.

"Nimezunguka vijiji vyote hivi," akasema. "Nauliza kwa nini mnachuna ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Wananiambia njaa. Wengine wananiambia hatujui. Nikaandika njaa, nikaandika hawajui. Hakuna aliyenitajia ngozi."

"Uliwauliza wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mikutano. Mkuu wa kijiji anaita watu, nauliza."

"Na wenye ng'ombe wanakuwapo?"

"Wanakuwapo. Wanakaa viti vya mbele."

"Basi," nikasema, "mtunzaji aseme mbele ya mwenye ng'ombe kwamba anachuna kwa sababu haaminiwi? Angelala wapi siku hiyo?"

Mutinta akachora mchanga kwa kijiti. Nilianza kumwona kama mtu.

*

Nasilele alimpigia simu Bo Liswaniso, kwa maana Sitali alikuwa hawezi. Sauti ya mzee tuliisikia sote.

"Ngozi iko wapi?"

"Bado iko mwilini, mjomba. Daktari amekataza tusichune."

"Daktari gani? Ng'ombe ni wa daktari?"

"Anasema ni kimeta."

"Mwaka jana maji, mwaka huu kimeta. Mwakani mtaniambia alipaa. Mtu yeyote asimguse. Nakuja mwenyewe na kisu changu."

Simu ikakatika.

Mchana huo ulikuwa mrefu. Mutinta aliziba pua na nyuma ya mzoga kwa vitambaa vilivyolowa dawa, damu isiendelee kutoka. Tulimfunika Waziri kwa matawi ya miiba, mbwa wasimfikie. Tai walikuwa wanazunguka juu. Watoto tuliwaweka wawafukuze kwa mbali, wasisogee. Ng'ombe wengine tuliwahamishia upande mwingine wa uwanda huo huo. Nasilele alichemsha maziwa mpaka yakafurika jikoni. Alikuwa anakwenda kuwatazama ng'ombe, anarudi, anakwenda tena. Aliyelala alimfikiria amekufa. Aliyesimama alimfikiria ataanguka.

Tatizo lilikuwa kuni. Uwandani hakuna miti. Kuni ziko ukingoni, kwenye msitu, na huvutwa na madume. Dume la kuvuta lilikuwa ndilo lililokufa. Wamunyima, pamoja na maneno yake mengi, akatoa madume yake.

"Nisidhaniwe nimeogopa," akasema. "Nimechoka tu na harufu."

Bo Liswaniso alifika kesho yake, kuni bado hazijatosha. Alishuka garini akiwa na kofia yake nzuri ya ukindu na kisu ndani ya ala. Alipita katikati yetu kama hatupo. Akaanza kutoa matawi ya miiba kwa fimbo.

"Mjomba, nakuomba," Sitali akasema.

"Unaniomba nini? Ng'ombe wangu, kisu changu. Nikishaona ngozi yangu nitajua la kusema."

Hakuna aliyethubutu kumshika. Ni mzee, ni tajiri, ni mjomba.  Mutinta akaja mbele, akapiga magoti mbele yake kama anavyosalimiwa mkubwa, halafu akamnyang'anya ile kofia akaivaa yeye.

Watu wakashika midomo.

"Wewe! Nini hii?" mzee akafoka.

"Mimi Mtonga, mzee. Mtani wako. Nachukua urithi wangu mapema," Mutinta akasema. "Ukimchuna huyo, matanga yako si mbali, na huku ni mbali sana kurudi mara mbili kwa ajili ya kofia."

"Nirudishie kofia yangu."

"Nirudishie kisu kwenye ala."

Mzee alikuwa na hasira. Lakini kwa mtani hasira haina mahali pa kukaa. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye unayechekwa. Alisimama na kisu mkononi, kichwa wazi, jua linampiga.

"Ngozi ulikuwa unaitaka ya nini?" Mutinta akamuuliza. Sasa hakuwa anatania.

"Nione alama yangu. Nijue hajauzwa."

"Alama hiyo hapo. Paja la juu. Usiguse, tazama tu. Ni yako au si yako?"

Mzee akainama. Akatazama kwa muda.

"Ni yangu."

Hapo Nasilele akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, macho chini, kama inavyompasa mke mbele ya mjomba wa mume.

"Mjomba, unisamehe. Zamani mwenye ng'ombe alikaa mbali, hana gari. Ngozi ilibidi imfuate. Leo wewe una gari, umefika. Umeiona alama ikiwa mahali pake. Kuna ngozi gani inayosema zaidi ya hapo?"

Bo Liswaniso alirudisha kisu kwenye ala. Akatoa simu yake akampiga Waziri picha, alama inaonekana, na Sitali na mkuu wa kijiji, aliyekuja kushuhudia, wamesimama kwa mbali upande wa upepo. Akachukua kofia yake. Akapanda gari.

"Na ng'ombe wengine, mjomba?" Sitali akauliza dirishani.

"Nitafikiri," mzee akasema, akaondoka.

*

Tulichimba shimo refu pembeni ya mzoga, tukajaza kuni, tukamchoma Waziri hadi akawa majivu. Udongo uliodondokewa na damu tuliukwangua tukautupa motoni. Shati na kisu cha Sitali vikaenda humo humo. Kisha tukafukia.

Neno "nitafikiri" lilibaki nyumbani mwa Sitali kama mgeni asiyeaga. Walikula nalo. Walikamua nalo.

Halafu ukaja mkono. Pale palipokwaruzika pakatoka kipele. Kilimwasha kama ameumwa na mbu. Kikawa lengelenge. Kikapasuka, katikati pakawa peusi kama mkaa, pembeni pamevimba.

"Kinauma?" Nasilele akamuuliza.

"Hakiumi hata kidogo."

"Daktari alisema kisichouma ndicho kibaya. Twende zahanati."

Tulikwenda zahanati sote watatu. Muuguzi aliutazama mkono, akaujua mara moja. Akafungua kabati. Akalifunga.

"Dawa ya vidonda hivi imekwisha," akasema. "Tumeagiza. Tunangoja."

"Mnangoja nini?" nikamuuliza. "Mafuta ya gari?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa msichana wa watu tu. Aliyepaswa kujibu alikuwa mjini kwenye kiti kinachozunguka.

Tuliporudi nyumbani, tukakuta gari la Bo Liswaniso. Nyuma walikuwa wamekaa vijana wa kuswaga ng'ombe, fimbo mkononi. Nasilele akakaa chini pale pale njiani.

"Mpwa wangu," mzee akasema, "sikuiti mwizi. Yamekwisha hayo. Lakini hapa pana ugonjwa. Nawavusha ng'ombe wangu ng'ambo kabla hawajaisha."

Sitali hakubisha. Alinyosha mkono kuwafungulia zizi, na mzee akauona.

"Hiyo nini?"

"Ni pale nilipoanza kuchuna, mjomba. Kabla hawajanizuia."

"Ulikuwa unachuna kwa nini, nawe unaona ng'ombe anatoka damu?"

Sitali alimtazama tu. Sisi wote tulimtazama. Mzee akaelewa kwamba jibu alikuwa nalo yeye.

Simu ya Nasilele ikalia. Ilikuwa Mutinta. Maabara imejibu. Ni kimeta. Nasilele akampa mzee simu asikie mwenyewe. Mutinta alimwambia mambo matatu, na aliyasema polepole. Mkono ule ukitibiwa mapema unapona, ukichelewa sumu inaingia kwenye damu. Ng'ombe wasihamishwe, maana anayeonekana mzima huenda amebeba ugonjwa na ataupeleka kwa wenzake. Na ng'ombe wote wachanjwe, wa hapa na wa jirani.

"Chanjo iko wapi?" mzee akauliza.

"Ipo mjini, bohari. Nimeiomba kwa barua. Wananiambia ningoje idhini."

Bo Liswaniso alikata simu. Akawaambia vijana washuke, ng'ombe hawatoki. Akamkalisha Sitali kiti cha mbele, mahali pake pa heshima, na yeye mwenyewe akapanda nyuma. Nasilele akakaa kando yake, na mimi nikapanda kwa sababu hakuna aliyenikataza. Gari likaenda hospitali ya Mongu.  Kila barabara ilipokuwa mbaya, mzee alimpazia dereva sauti, "Polepole na huo mkono."

Sitali alipata dawa siku hiyo. Alilazwa. Uvimbe ulipanda hadi kwenye kiwiko na Nasilele akawa halali wala hali. Kisha ukasimama. Kisha ukaanza kushuka. Kile cheusi kikakauka, kikabanduka, kikaacha kovu.

Chanjo nayo ilitoka. Haikutoka kwa barua. Bo Liswaniso alikwenda ofisini, akakaa mlangoni kwa mkubwa na kofia yake magotini. Kila aliyepita alimwonyesha ile picha ya Waziri na kumweleza kwa sauti ya dukani. Mkubwa alichoka kuisikia akatia sahihi. Sitoi sifa kwa ofisi. Kinachotolewa kwa mwenye duka kingeweza kutolewa kwa Inonge.

*

Mvua zilipoanza, mkuu wa kijiji aliita kikao. Safari hii Mutinta aliomba watunzaji wakae peke yao kwanza, waseme. Walisema mpaka jua likageuka. Baadaye wakaitwa wenye ng'ombe, na Bo Liswaniso ndiye aliyesimama.

"Niliidai ngozi," akasema. "Kidogo inipe kaburi. Tangu leo, kwa ng'ombe wangu, atakayekufa ghafla asichunwe. Mtunzaji apige simu. Mkuu wa kijiji aje aone alama, daktari aje aone ugonjwa, picha ipigwe kwa mbali. Hiyo ndiyo ngozi yangu."

"Na mtunzaji akisema uongo?" mwenye ng'ombe mmoja akauliza.

"Aliyetaka kukuibia angemchinja, akauza nyama, na ngozi yenye alama akakuletea. Nyamaza, ndugu yangu."

Walikubali. Wengine kwa moyo, wengine kwa aibu. Ng'ombe wa kijiji chote wakachanjwa kabla maji hayajapanda, na sasa huchanjwa kila mwaka. Ofisi ikichelewa, wenye ng'ombe wanakwenda kukaa mlangoni.

Mwaka uliofuata, wakati wa joto, dume moja lililokuwa ng'ambo siku ya chanjo lilianguka likafa. Nilimwona Sitali akilitazama kwa mbali, mikono nyuma. Akawafukuza watoto. Akapiga simu.

"Mjomba, yule dume mwekundu amekufa. Ghafla."

"Damu puani?"

"Ipo."

"Umemgusa?"

"Sijamgusa."

 Nasilele alikuwa amesimama karibu, amejishika kifua. Niliona midomo yake inacheza kama mtu anayeomba.

"Choma," Bo Liswaniso akasema. "Ng'ombe wengine watazaliwa. Mpwa sina mwingine."